Matanga ya Mtu Aliye Hai

Tumemlilia Feisal bila maiti. Amezikwa huko huko alikofia, nchi ya baridi, akasaliwa na watu ambao wengi wao hawakumjua, na sisi huku Mji wa Kale tukatandika mikeka kama kawaida. Wanaume walikaa nje barazani na kwenye viti vya kukodi, wanawake tukakaa ndani, juzuu zikagawanywa, kahawa ikapita. Mamake, Bi Swafia, ambaye siku hizi hasikii vizuri, aliketi kwenye kiti kwa sababu ya magoti, na kila aliyeingia alimwinamia na kumpa pole kwa sauti ya juu mpaka mtaa mzima ukajua anapewa pole. Mimi nilikaa chini ya dirisha, katika sebule ile ile ya ghorofani, nikawa nahesabu moyoni: hii ni mara ya pili kwa nyumba hii kuweka matanga yasiyo na maiti. Msichana aliyekaa karibu yangu, mjukuu wa jirani, akaninong'oneza, "Shangazi, ati kweli marehemu alikuwa akitengeneza filamu?" Nikamwambia alitengeneza moja. "Ya mapenzi?" Nikamwambia ya mauaji. Akanitazama kana kwamba nimemsengenya marehemu mbele ya watu, akarudi kwenye juzuu yake.

Ukoo wangu na sababu za mimi kupelekwa kukaa kwa Ami Abdalla, ndugu wa babangu, nitaziruka, kwa kuwa ni ndefu na hazina utamu. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nasubiri matokeo, na nyumba yao ilikuwa na nafasi. Ngazi za mbao zilikuwa nyembamba na zilipiga kelele kwa kila mtu kwa namna yake, hata uliweza kulala kitandani ukajua nani anapanda. Jiko lilikuwa nyuma, na moshi wake wa mkaa ulipitia kwenye uwazi wa kati mpaka chumba cha Feisal kule juu, ambako aliifunika kompyuta yake kwa leso ya mamake isiingie vumbi. Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi, Ami Abdalla akinywa chai ya tangawizi huku amesimama, tayari kwenda bandarini, kwenye ofisi ya kutoa mizigo. Jioni aliporudi kuna siku alikula kidogo tu akasukuma sahani. "Nilionja kitu kazini," alisema. Bi Swafia akamwambia hao wa kazini wamlishe basi na mchana, yeye apumzike. Tulicheka sote, na Ami alicheka kutushinda.

Feisal alikuwa amenizidi miaka michache na alikuwa na filamu kichwani. Jina la filamu lilibadilika kila wiki, kwa hiyo sitalitaja, lakini hadithi haikubadilika. Mzee mmoja, Mzee Sefu, ana nyumba ya ghorofa Mji wa Kale na hataki kuiuza. Mwanawe mkubwa anautaka ukubwa, ameshaahidiana na watu wanaotaka kujenga hoteli, na siku moja anamsukuma babake ngazini. Dada mtu ameona. Sasa dada aseme ampoteze kaka, au anyamaze akae na siri hiyo maisha yake yote? Kaka muuaji alikuwa Feisal mwenyewe. Dada alikuwa mimi. Nilikubali kabla hajamaliza kuniuliza, na lau angenitaka niwe ngazi pia ningekubali. Nilimpenda Feisal. Nayasema haya bila haya yoyote, na mume wangu anayajua, nilimwambia kabla hajaleta posa ili asije akayasikia kwa watu.

Mpiga picha alikuwa Mutua, karani wa reli, Mkamba mpole aliyepiga video za harusi siku za mapumziko. Kamera ilikuwa yake, ya zile kanda ndogo, na mazoea ya harusi hayakumtoka: alipenda kukusogelea usoni polepole, akangoja. Mzee Sefu alikuwa Kalume, fundi wa mashine wa gatini, Mkristo wa Rabai, aliyechaguliwa kwa sababu ya ndevu zake na kwa kuwa aliweza kulala chali bila kuchekacheka. Alivalishwa kanzu ya Ami Abdalla. "Wataka kuniua, Feisal?" Ami aliuliza mezani, akichovya mkate wa mofa kwenye mchuzi. "Si wewe, baba, ni Mzee Sefu." "Mzee Sefu mbona amevaa kanzu yangu?" Bi Swafia hakucheka. "Mwamchuria babenu kifo," alisema. "Hamuogopi?" Alikubali sebule itumiwe kwa matanga ya Mzee Sefu kwa sharti moja, kwamba maiti afunikwe shuka ya kawaida, kwa kuwa sanda haichezewi.

Ila shida kubwa ya filamu ile ilikuwa mimi. Sikuweza kulia. Tulijaribu kitunguu, tukajaribu dawa ya mafua ya kupaka chini ya macho, nikapiga chafya mpaka Mutua akalazimika kukaa chini. Feisal alinipeleka Makadara, kwenye kibanda cha viazi karai, akanikalisha kwenye fomu, lile benchi refu la mbao, akaniuliza kwa upole kama nimewahi kumpoteza mtu. Nilimtazama akila, ukwaju umemganda kwenye kidole, nikasema sijawahi. Nilikuwa na furaha mno mwaka ule. Alisema basi tutanunua leso za msiba za rangi nzito, tujaze wanawake chumbani, na mimi nijifunike uso. Tukatoka hapo tukaenda Biashara Street. Mwenye duka, mzee mtaratibu aliyemjua Ami Abdalla, alipoona leso tunazozitoa akauliza, "Inna lillahi, nani ametangulia?" Feisal akajibu kwa uso wa huzuni kabisa, "Babangu. Ameanguka ngazini." Nilimfinya mkono. Nje alicheka hadi akaegemea ukuta, akaniambia, "Umeona sasa? Kuigiza ni hivyo." Dukani nyuma yetu kulikuwa na wateja wengine wakipima vitambaa, na hakuna aliyewatazama.

Siku ya matanga yenyewe, mikeka ilipotandikwa tu, nyumba ilibadilika. Majirani wote walikuwa wameambiwa ni mchezo, na bado hawakuweza kujizuia. Mmoja alileta birika la kahawa. Mwingine alileta sinia la vitumbua, akasema anajua hakuna aliyekufa lakini hawezi kupita mbele ya mikeka mikono mitupu. Bi Swafia naye aliona mikeka, akakataa kuwasha jiko. "Kwangu leo hakupikwi," alisema, kama inavyofanywa kwenye nyumba yenye msiba, nasi tukamwacha. Wanawake wa mtaa waliokubali kuigiza wakaketi wakashika juzuu, na kwa kuwa wamezishika wakazisoma kweli. Kalume akalazwa kwenye kitanda cha kamba, akafunikwa shuka. Mutua na Feisal walijibana nyuma ya pazia na kamera. Mimi nikajifunika uso kwa leso mpya iliyonuka wanga, nikaanza kutikisa mabega.

Ndipo ngazi zilipolia kwa mtu nisiyemjua. Mwanamke aliingia na sufuria kichwani, imefungwa kwa leso, akaishusha mlangoni bila kumtazama yeyote. Alikuwa mnene kidogo, mdogo kuliko Bi Swafia, buibui lake limejaa vumbi pindoni. Nilidhani Feisal amemleta kutoka mahali. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akapiga magoti, akashika miguu ya Kalume juu ya shuka, na ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia tena. Haikuwa kubwa. Ilianzia chini, ikapanda, ikakatika katikati kana kwamba ameshikwa koo, kisha ikaendelea pale pale ilipokatikia. "Abdalla," alisema. "Abdalla wangu, wenda wapi? Juzi si umekula kwangu? Si ulisema utarudi na dawa ya mtoto? Mimi nitamwambiaje mtoto?" Nikafikiri masikini, amekosea jina, ni Sefu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisoma akamwambia nyamaza dada, wamuadhibu maiti kwa kulia hivyo. Yeye hakusikia. Alikuwa anaipapasa miguu ile kwa kiganja, kuanzia kisigino mpaka vidole, kama anayeikanda. Kalume, maskini, alishindwa kujua la kufanya, akazidi kufa.

Bi Swafia alikuwa mlangoni mwa jiko. Nilimwona kupitia tundu ya leso. Alikuwa amefahamu kabla yetu sote. Na hapo hapo Ami Abdalla akapanda kutoka msikitini, viatu mkononi, akitaka tu kupita kwenda juu, akamwona mtu aliyepiga magoti. "Riziki?" alisema. Jina moja tu, lakini vile alivyolitaja hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Yule mwanamke akageuka. Akamtazama toka utosini mpaka miguuni. "Alhamdulillahi," akasema, akaketi sakafuni kwa kishindo, akacheka. Alicheka kwa furaha tupu, mkono kifuani, machozi bado yanamchuruzika, kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Halafu kicheko kikamwishia usoni kidogo kidogo, kwa sababu alianza kutuona sisi: wanawake, juzuu, mimi, na Bi Swafia mlangoni. Kalume akaona hawezi tena, akaketi na shuka yake, akasema, "Poleni, jamani." Hakuna aliyecheka. Riziki akainuka, akajifunika, akashuka ngazi, na Ami Abdalla akabaki amesimama na viatu vyake.

Nyuma ya pazia Mutua hakuwa amezima kamera. Baadaye alijitetea kwamba kwenye harusi bibi harusi akilia huzimi, ukizima hawakuiti tena.

Wali wa ile sufuria tuliula. Ndivyo ilivyokuwa: jiko halikuwashwa, watu wana njaa, sufuria iko mlangoni, na aliyeipakua alikuwa hajaelewa bado. Ulikuwa wali wa nazi, uliopikwa kwa haraka, chini umeshika kidogo. Bi Swafia hakuonja. Siku zilizofuata alizungumza nasi kuhusu chumvi, kuhusu paka, kuhusu fundi wa bomba, lakini na mumewe hakuzungumza kabisa. Mimi wakati ule nilidhani hasira yake ni ya wivu. Sasa mimi ni mtu mzima, nimeolewa miaka mingi, na nafahamu alichoniambia siku moja tukichambua mchele, bila mimi kumuuliza. "Kuoa kaoa, ni haki yake," alisema. "Lakini miaka yote hiyo nilikuwa nikimwekea chakula na yeye ameshiba, ananitazama tu." Akapuliza makapi kwenye ungo. Ilijulikana pia habari ilivyofika. Jirani wa Riziki alikuwa katika lile duka la Biashara Street, akamsikia mtoto wa Abdalla akinunua leso za msiba na akisema babake ameanguka ngazini. Feisal aliposikia hivyo aliingia chumbani kwake akafunga mlango.

Hakuufunga kwa muda mrefu, kwa kuwa mle ndani ilikuwamo kanda. Aliniita niione. Kwenye kompyuta, katikati ya wanawake wanaosoma na mimi ninayetikisa mabega kama ninayepepeta unga, mwanamke yule aliingia na filamu ikawa kweli. Sina namna nyingine ya kueleza. Kila kitu kabla yake kilionekana ni watu waliovaa nguo za kuazima. Feisal alikuwa amepeleka nakala kwa bwana mmoja wa kituo cha televisheni Nairobi, aliyekuwa ameahidi kuitazama kazi yake, na bwana yule alipiga simu mara moja. Huyo mama mmempata wapi? Akiwemo, ninaichukua filamu yenu. Asipokuwemo, nina filamu nyingi za watu kuanguka ngazini. Tulirudi Makadara kwenye fomu yetu na viazi vikapoa. "Zuhura, ile ndiyo filamu," Feisal alisema. "Nikingoja miaka ishirini sitapata nyingine kama ile." Nilimwambia ile si filamu, ni aibu ya mamako. Akasema anajua. Akasema tena, taratibu, kwamba anajua, na bado anaitaka.

Basi jambo lenyewe lilikuwa hilo, na nyumba nzima ililijua. Kilio kikibaki, Feisal anapata alichokitamani tangu utotoni, na Mombasa yote inaketi mbele ya televisheni kumwona mke wa siri wa Abdalla akimtaja kwa jina. Kikitolewa, inabaki filamu ya watu wasioweza kulia. Nilikuwa nikianika nguo siku moja adhuhuri nikawasikia baba na mwana wakizungumza chumba cha juu. Sikujificha, dirisha lilikuwa wazi na mimi nilikuwa na pegi mdomoni. "Umeshaniua mara moja, mwanangu," Ami alisema. "Ya pili nihurumie." Feisal akamjibu, "Mimi nilikuwa nacheza, baba. Wewe hukuwa ukicheza." Halafu ngazi zikalia kwa Bi Swafia, na nikasikia sauti yake ndani ya chumba, ya kwanza kumwelekea mumewe kwa muda mrefu. "Mwagombania kilio cha mtu kama ni kiti," alisema. "Mwenyewe mumemuuliza?"

Alikuwa ameiosha ile sufuria siku ile ile ya matanga, akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, ikakaa juu ya kabati na hakuna aliyethubutu kuitumia. Asubuhi ya pili baada ya maneno yale aliiteremsha. Haikumkalia moyoni kuirudisha sufuria ya mtu tupu, hata ya mtu huyo, na akapika pilau humo humo, ya nyama nzuri, kama ya karamu. Nilipomtazama akasema, "Kwani si mtu hakufa? Basi hupikwa nini?" Tukachukua teksi, yeye mbele na sufuria mapajani, mimi na Feisal nyuma na kamera ya Mutua. Tulikwenda mpaka Kibarani. Wakati ule jaa lilikuwa bado liko, linafuka moshi mchana kutwa upande wa maji, na Riziki alikuwa na chumba na ua juu kidogo ya hapo. Mtoto wake wa kike alikuwa anakohoa kwenye mkeka. Nilifahamu hapo dawa ilikuwa ya nini.

Walisalimiana kwa heshima zote, shikamoo, marahaba, habari za hapa, watoto hawajambo, kana kwamba ni majirani walioachana jana. Bi Swafia akamkabidhi sufuria kwa mikono miwili. Riziki alifungua kifuniko, akaona pilau, akakifunga tena. "Nisamehe, dada," alisema. "Sikuja kukuvunjia nyumba. Nilijua kafa." "Najua ulichojua," Bi Swafia akasema. "Nilikuona." Feisal akafungua kamera, ile skrini yake ndogo ya pembeni, akamwekea. Tuliinama sote wanne juu ya kile kidirisha kisichozidi kiganja. Riziki alijitazama akilia bila kupepesa macho. Alipofika kwenye kukanda miguu, alitazama viganja vyake. Feisal akamweleza yote bila kuficha, bwana wa Nairobi, televisheni, jina la Abdalla kusikika. Akasema Riziki akikataa, basi, kinatolewa.

"Kiacheni," Riziki alisema. Feisal aliinua uso. "Kiacheni kibaki. Siku atakapokufa kweli, mimi nitaambiwa na nani? Nani atanifungulia mlango kule mjini nikamlilie? Nitasikia kwa watu, nitakaa hapa hapa na moshi wangu. Nimemlilia mara moja kwa haki yake, mbele ya watu, nimeshika miguu. Kama kitakuwa kwenye televisheni, basi angalau kipo." Mtoto akakohoa, akamvuta mapajani. Mimi nililia pale. Sikuhitaji kitunguu. Bi Swafia alikuwa anaitazama ile skrini ingawa ilikuwa imeshazimika. "Utaambiwa na mimi," alisema. "Na mlango nitakufungulia mimi." "Wasema tu, dada." "Nimekuletea pilau kwa teksi kutoka Mji wa Kale," Bi Swafia akasema, "wadhani mimi ni mtu wa kusema tu?" Riziki akacheka kidogo, kile kicheko chake, kisha akamgeukia Feisal. "Basi mimi sina haja na televisheni tena. Lakini kilio umeshanacho, mwanangu. Fanya utakavyo." Alimwita mwanangu bila kufikiri, na niliona Feisal alivyolipokea neno lile.

Tulipofika nyumbani Feisal alipanda juu na mimi nikamfuata bila kuitwa, na mamake akaniona nikipanda akaniacha. Feisal alirudisha kanda nyuma mpaka pale ngazi zinapolia. Alikuwa ameshaifuta nakala ya kwenye kompyuta. Nilimwambia anaweza kuacha tu kuitia kwenye filamu, si lazima aiharibu, aifungie mahali. "Ikiwepo nitaitumia," alisema. "Si leo. Lakini najijua." Akamwandikia bwana wa Nairobi kwamba nakala ile aitupe, yule mama hayumo tena. Kisha akaielekeza kamera ukutani, ukuta mtupu wa chokaa, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Tukaketi kitandani, mimi ukingo huu na yeye ukingo ule, tukaungoja ukuta uingie mahali pa Riziki. Kulisikika mtu anauza maji chini, na Bi Swafia akimwita Ami Abdalla kwa jina, aje ale. Feisal alikuwa analia. Nilitaka kumshika mkono na sikumshika, kwa kuwa tulikuwa vijana wa nyumba moja na mlango ulikuwa wazi, na nimeutamani mkono ule tangu siku hiyo.

Filamu ilionyeshwa mara moja, kwenye ukumbi wa harusi aliotupatia Mutua. Watu walicheka nilipolia. Kalume alishangiliwa kwa kufa vizuri. Bwana wa Nairobi hakupiga simu tena, na kabla ya mwaka kwisha Feisal alipata njia ya kwenda ng'ambo, akaenda, akafanya kazi za watu wengine, na filamu nyingine hakutengeneza. Ami Abdalla aliishi miaka mingi baada ya hapo, akila chakula cha jioni sehemu mbili bila kuficha, akanenepa. Alipofariki, Bi Swafia alimpigia simu Riziki kabla ya kumpigia ndugu yeyote wa damu, na mlango akaufungua mwenyewe, kwa magoti yake yale mabaya, akashuka mpaka chini. Wajane wale wawili walikaa eda katika nyumba ile, chumba kimoja, wakigombana kuhusu feni. Feisal hakuwahi mazishi. Alinipigia simu usiku wa huko kwao, mchana wa huku, akaniuliza swali moja kwanza. "Alilia?" Nilijua anamuulizia nani. Nikamwambia hapana. Alikaa karibu na miguu, akaishika, na hakutoa sauti yoyote. "Basi nieleze," Feisal alisema, "vile alivyolia siku ile."

Nilimweleza. Tangu hapo, kila alipozidiwa na ugeni alipiga simu, tukaulizana hali, watoto, bei ya unga, halafu akasema, haya, nieleze. Nami nikaacha nilichokuwa nakifanya, nikaketi. Mutua alishafariki. Kalume alikuwa chini ya shuka. Wale wanawake waliokuwa wakisoma wanakumbuka aibu tu, na Bi Swafia hataki kuulizwa. Kwa hiyo nilikuwa mimi. Mara ya mwisho alikuwa hospitali na mimi nilijua, naye alijua kuwa ninajua. Nikaanza tangu ngazi. Nikamtia Riziki ndani na sufuria yake, nikampigisha magoti, nikaiteremsha sauti ile chini, nikaipandisha, nikaikata pale inapokatika. Nikamfikisha Ami juu na viatu vyake mkononi. Hapo nilisita kidogo. "Umesahau kuwa alicheka," Feisal alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Nikamwambia sijasahau, bado sijafika hapo.

"Basi fika," akasema.

Nikafika.